Asali ya Kuagia

Wingwi, Pemba
13 Mfunguo Saba (3 Julai 1936)

Kwa shangazi yangu Bi Kalunde, Tabora,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Tu wazima, isipokuwa yule aliyenifanya nishike kalamu, naye ni kaka yako. Mie ni Mwanapili, mwanawe. Hatujapata kuonana, na sura yako siijui, ila nimekua nikilisikia jina lako kila baba anaponigombeza: "Huyu kwa ubishi, Kalunde mtupu!" Kwa hiyo mie najiona nimeshakujua.

Ulipo nimeambiwa na wachumaji karafuu waliokuja mwaka jana kutoka huko kwenu. Barua nimeiandika kwa mkono wangu, kwa herufi za Kiarabu za chuoni. Nnakuomba akusomee mtu anayejua kufunga mdomo. Utaona kwa nini.

Baba hajainuka kitandani mwezi wa pili huu. Miguu imejaa maji, na chakula kikishuka kinarudi. Dawa za majani amekunywa, za dukani amekunywa, na sasa hataki tena dawa. Anataka kitu kimoja tu, na kitu chenyewe, astaghfirullahi, ni pombe ya asali.

Usicheke, shangazi. Huko kwenu labda ni jambo la kila siku, lakini hapa nyumba ikinuka ulevi hata salamu mtapunguziwa. Mume wangu Hamad ndiye anayeadhini msikitini. Baba mwenyewe ni Mwislamu wa miaka arubaini, na tangu nipate akili sijamwona akikosa sala wala akisogelea mgema. Nikamwambia, "Baba, ni maradhi hayo yanakusemesha." Akanijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi. Anasema siku zile alipotaka kufuata msafara, mama yake alimpikia pombe ya kumuagia safari. Msafara ukatoka siku moja kabla pombe haijaiva, naye akaufuata. Hakuinywa. "Nimepata kuondoka mara moja bila ya kuagwa," akasema. "Mara hii siondoki."

Na kweli haondoki. Hali, halali, maumivu hayapungui, na roho haitoki. Mungu anisamehe kwa kuliandika hilo. Shehe Mbarouk amemsomea Yasini mara tatu, na kila ikimalizika baba anafumbua macho, ananitazama mie.

Basi nifundishe. Inapikwaje? Mie nna baba mmoja, na radhi zake ndizo nnazozitaka kuliko kitu chochote duniani. Dhambi nitaibeba, nitajua pa kuitua.

Mwanao,
Mwanapili binti Jaribu

Tabora, 27 Julai 1936

Mwanangu Mwanapili,

Barua yako nimesomewa mara mbili. Ya kwanza nililia. Ya pili nikacheka, pale pa ubishi. Huyo unayemwita Jaribu, sisi jina lake ni Mihayo, na mbishi ni yeye. Mwambie Kalunde kasema.

Aliyokueleza ni kweli. Nilikuwa msichana wa kuchota maji wakati huo, na pombe ile niliikoroga mimi pamoja na mama. Mama aliposikia msafara umeshatoka aliirudia pombe yake. Aliifunika tu. Ikakaa mpaka ikawa siki, na hakuna aliyethubutu kuimwaga. Kwetu msafiri huagwa hivi: mpishi anaonja kwanza mbele yake, ili ajue haina ubaya ndani, msafiri anakunywa mafunda matatu, iliyobaki inamwagwa kizingitini. Hapo njia inakuwa yake.

Sasa sikiliza vizuri, maana mimi si mtu wa kurudia. Asali kibuyu kimoja, maji vibuyu vinne, ya uvuguvugu. Tia kwenye chungu cha udongo, siyo debe. Halafu chovya hizo nyuzi nilizokufungia ndani ya kitambaa. Ni nyuzi za gome la mti. Zilikuwa zikilala ndani ya mtungi wa mama tangu sijaolewa: pombe ikipikwa zinatiwa, ikiiva zinatolewa, zinaanikwa juani, basi. Hiyo ndiyo mbegu ya pombe. Usishtuke ukiona zina ukoko na zinanuka. Funika, weka karibu na jiko. Siku ya pili tega sikio, utaisikia inaimba, ssss, kama mvua iliyoko kijiji cha pili. Siku ya nne imeiva.

Mpe kaka yangu. Mwambie mama alikufa akimtaja, wala hakumtaja kwa hasira.

Shangazi yako,
Kalunde

(Mimi mwandishi, Himid, mshona nguo hapa sokoni, naongeza haya bila ya bibi kujua. Dada, mimi mzaliwa wa pwani, chuo nimesoma, na haramu naijua. Nimeombwa na mtu mzima nikaandika. Mkono wangu umo katika barua hii, moyo wangu haumo. Mdomo nimeufunga kama ulivyotaka.)

Wingwi, 2 Mfunguo Tisa (20 Agosti 1936)

Shangazi yangu,

Kifurushi kimefika. Nilikwenda mwenyewe posta ya Wete kukichukua, nikaja kukifungua nyuma ya banda la mbuzi. Lo, shangazi! Harufu ile! Mbuzi wenyewe waligeuka. Mwambie Bwana Himid maneno yake ya chini nimeyasoma, na sikuchukia. Mie pia moyo wangu haumo, uko kitandani kwa baba.

Nimesubiri mpaka karafuu zianze kuanikwa. Sasa majamvi yametandikwa kutoka uani mpaka barazani, na Wingwi nzima hakuna pua inayosikia kitu kingine isipokuwa karafuu. Mtu akipita na samaki wa juzi hatujui. Nikasema hapa ndipo pangu. Asali nimeipata kwa Othman, mrina asali wa Kiuyu. Jirani yangu Mwanaasha akaniona nayo: "Asali yote hiyo, Bi Mwanapili, mnafungua duka?" Nikamwambia ya kifua cha baba. Baba kifua anacho, kwa hiyo uongo wenyewe ni mdogo.

Vipimo nimevifuata kama ulivyosema. Nyuzi nimezitakasa vizuri kabla ya kuzitia. Chungu nimekiweka kwenye chumba cha nyuma ya jiko, nyuma ya magunia, na kila nikiingia humo nasoma audhu.

Limebaki moja linalonisumbua. Umesema mpishi huonja kwanza. Mie sitoweza. Kupika nimepika, lakini kutia mdomoni, shangazi, hapana. Itakuwaje?

Mwanao Mwanapili

Wingwi, 7 Mfunguo Tisa (25 Agosti 1936)

Shangazi,

Sikungoja jibu lako, kwa sababu chungu hakingoji posta. Baba amekunywa.

Ilikuwa jana adhuhuri, watu wote wamo shambani wanachuma. Nilimwinua nikamwegemeza ukutani, nikamletea kwenye kata. Nikamwambia, "Baba, mie kuonja siwezi." Akasema, "Usionje, mwanangu. Hilo sikukuomba. Nitaonja mwenyewe." Akapiga funda la kwanza, akakaa nalo mdomoni muda, ananitazama. Mie nilikuwa nikisoma audhu, midomo inacheza. Nikamuuliza, "Siyo?"

Akalimeza. "Ndiyo yenyewe," akasema. "Ya mama, haikupungua kitu."

Akanywa la pili, akanywa la tatu. Iliyobaki nikaimwaga kizingitini kama ulivyosema, na ile ya chunguni nikaitupa mbali, huko kwenye mikoko. Niliporudi akanishika mkono. Akasema, "Mwanapili, radhi zangu zote unazo, za dunia na akhera. Sasa njia ni yangu." Halafu akaniambia, "Lakini usimwandikie Kalunde namna ulivyoipika. Mwambie nimekunywa, basi." Nafikiri ananisitiri, aibu yangu isizidi kuzunguka. Kwa hiyo namtii, sikuelezi zaidi ya hapo.

Jioni alikunywa uji na haukurudi. Pombe sikuisikia ikiimba, lakini mtu mwenye hofu hasikii vizuri, na chumba kile kina panya.

Nimeipata radhi, shangazi. Ahsante.

Mwanapili

Tabora, 22 Septemba 1936

Mwanangu,

Himid aliponisomea nilipiga vigelegele pale pale sokoni, watu wakadhani kuna aliyejifungua. Mihayo amekunywa! Mama alale sasa.

Mwambie kaka yangu kuagwa si kufukuzwa. Wengi waliagwa na mama wakaenda, wakarudi, wakaagwa tena. Asiwe na haraka. Namtumia karanga za kukaanga na tumbaku ya kunusa, najua hakuiacha, hata aseme nini.

Mwulize, ilimuuma ulimi pembeni? Ya mama ilikuwa ikiuma pembeni, na machozi yanatoka kidogo jicho la kushoto. Sisi watoto tulikuwa tunamtazama baba jicho hilo tu. Na wewe usiniambie habari za panya. Ile haikosi kuimba. Chunguza masikio yako, mwanangu.

Kalunde

(Himid anakusalimu. Moyo wangu bado haumo, lakini nimefurahi kwa ajili ya mzee.)

Wingwi, 26 Rajabu (12 Oktoba 1936)

Shangazi yangu mpenzi,

Kaa chini kwanza ndipo usomewe. Kaka yako ametutoka.

Karanga zako zilifika tumeshamaliza hitima. Alikufa siku ya tisa baada ya kunywa, asubuhi, mkono wake umo mkononi mwa Hamad. Alitamka shahada mwenyewe bila ya kukumbushwa. Hakuhangaika hata kidogo. Watu walisema hawajapata kuona mauti mepesi kama yale, na Shehe Mbarouk akasema ni dalili njema. Wote walinipa mkono wa pole, na mie nilikuwa siwezi kuwatazama machoni.

Sasa nakueleza, kwa sababu hapa sina wa kumweleza. Sisi tumefundishwa tangu chuoni kwamba mwenye kunywa ulevi sala yake haipokelewi siku arubaini. Baba alibakisha siku tisa tu. Unaona hesabu hiyo, shangazi? Sala arubaini na tano za mwisho alizosali kwa ishara, amelala, akijikaza mpaka jasho linamtoka, zote zimekwenda bure. Mtu aliyesali maisha yake yote, amefika kwa Mola wake mikono mitupu, na aliyemfikisha hivyo ni mie mwanawe. Nilitaka radhi yake, nikaipata. Yeye je, amepata nini?

Siku arubaini zilipotimia nilikwenda kaburini, nikashindwa kusoma hata Fatiha. Niling'oa magugu tu, nikarudi nyumbani. Kwa Shehe siwezi kwenda, kwa Hamad ndiyo kabisa. Usiku wa leo ni wa Miraji, watu wote wamo msikitini na sauti zao nazisikia kutoka hapa. Mie nimebaki na kalamu.

Baba aliniambia nisikwambie nilivyoipika, lakini sasa hayupo, na sitaki tena siri hata moja. Mie niliogopa najisi. Zile nyuzi nilizitia maji ya moto yanayotokota, nikazisugua kwa jivu mpaka ukoko wote ukatoka. Kisha nikazisuuza maji saba, moja kwa udongo. Hayo najua ni ya najisi ya mbwa. Ya pombe sikujua ni mangapi, nikaona bora nizidishe. Zilitoka nyeupe na safi, hazinuki kitu, ungeweza kusukia mkeka. Ndipo nikazitia kwenye asali. Nilifanya yote hayo ili angalau dhambi iwe ndogo. Lakini dhambi ya ulevi haina ndogo.

Niombee huko, kwa namna yenu mnavyoomba.

Mwanapili

Tabora, 6 Novemba 1936

Dada Mwanapili,

Leo naanza mimi Himid, na bibi ameniruhusu.

Tulilia kwanza, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Bibi alikaa siku tatu hatoki ndani. Siku ya nne akaja dukani, akaniambia nimalizie barua, maana nilikuwa nimeishia pale pa kifo. Nikaendelea. Nilipofika kwenye maji yanayotokota nikanyamaza. Bibi akaniuliza, "Umekabwa?" Nikamsomea tena, polepole, moto, jivu, maji saba. Akapiga kofi goti lake mpaka kuku wakaruka.

Dada, nisikilize. Kilichokuwa kinageuza asali kuwa pombe ni ule ukoko. Wewe umeuchemsha, umeusugua, umeusuuza, umeumaliza. Bibi hakukukataza kuziosha kwa sababu huku hakuna mtu aliyewahi kufikiria kuziosha. Bila ya ukoko, kwa siku nne, hakuna pombe. Ndiyo maana haikuimba. Ungeonja tone moja ungejua, lakini dini yako ilikuzuia kuonja, na mimi nasema alhamdulillahi. Mzee alikunywa asali na maji. Hicho ni kinywaji ambacho hata Ramadhani ungemfuturisha nacho, ukapata thawabu. Sala zake arubaini na tano zipo. Siku arubaini zako zifute, na nenda kaburini kasome Fatiha yako kwa sauti.

Safari hii moyo wangu umo. Sasa anasema bibi.

Mwana wee! Umeua mbegu ya mama yangu! Nzige walipita, vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipita, nyumba iliungua mara mbili na nyuzi zile tukazitoa mbio kabla ya watoto, na hazikufa. Zimekuja kufa kwa usafi wa Pemba! Nimecheka mpaka nimelia, na nililia mpaka nikacheka, sijui nilianza na lipi. Bahati yako nilikukatia nusu. Kalunde si mjinga.

Nimepika kwa nusu iliyobaki. Imeimba. Nikaenda hadi ilipokuwa nyumba ya mama, imebaki mawe ya mafiga tu, nikaonja, nikamtaja Mihayo kwa jina lake, nikamwaga pale palipokuwa mlango. Basi, huku tumemwaga sisi.

Ila kuna jambo halinitoki kichwani, nami namuuliza aliyekuwepo. Mihayo alilambishwa pombe ya mama tangu anatambaa. Angeijua hata usingizini. Hiyo yako haikuwa na ukali wala povu wala chochote. Mbona alikwambia ndiyo yenyewe?

Shangazi yako aliyebaki,
Kalunde

Wingwi, 5 Mfunguo Mosi (20 Desemba 1936)

Shangazi yangu,

Idi imepita salama. Barua yenu ilinikuta katikati ya Ramadhani, na siku hiyo hiyo nilikwenda kaburini nikasoma Fatiha, nikasoma Yasini yote, mpaka Mwanaasha akaja kuniambia jua limekuchwa na sijapika futari. Nikamjibu, "Leo tutafuturu asali na maji." Akaniona nimechanganyikiwa.

Hamad nimemweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Aliukunja msala wake polepole, nikajua leo naachwa. Kisha akauliza kama asali imebaki.

Sasa swali lako. Nimelitia moyoni mfungo mzima, na jibu nnalo. Alijua, shangazi. Alijua kwenye funda la kwanza. Ndiyo maana alikaa nalo mdomoni muda wote ule, ananitazama namna nnavyosoma audhu. Mie nikamuuliza, "Siyo?" Angesema siyo, ningepika tena. Ningekuandikia utume nyuzi nyingine, na wewe ungenieleza kosa langu, na mara ya pili ningeipika haramu kweli kweli, kwa ajili yake. Hilo alilijua pia. Ndipo akasema ndiyo yenyewe, na akanikataza nisikwambie nilivyoipika, kwa sababu wewe tu ndiye ambaye ungejua. Mie nilidhani ananisitiri kwa watu. Kumbe alikuwa anayasitiri mapenzi yake kwangu, nisije nikayajua nikalia.

Mara ya kwanza alimwacha mama yake na pombe yake, akaondoka. Mara ya pili aliiacha tena pombe ya mama yake, ila mara hii aliiacha kwa ajili ya mwanawe, na maji ya asali yangu akayapokea kuwa ndiyo kuagwa kwake.

Baba yangu sijapata kumsikia akisema uongo, ila huo mmoja. Nilianza kumwombea asamehewe uongo huo. Sasa nimebadilisha dua: namwomba Mola auandike katika mema yake, na auweke juu kabisa.

Nyuzi zako nakurudishia humu ndani ya kitambaa. Ni safi sana, utanisamehe.

Mwanao,
Mwanapili binti Mihayo